Uchapishaji wa Kifamilia: Udugu Pekee Hautoshi

Katika kaunti za Migori na Homa Bay si vigumu kumpata mwalimu mstaafu aliye na mswada sandukuni. Mmoja ameandika historia ya ukoo wake, mwingine amekusanya methali na vitendawili, na wa tatu ametunga riwaya. Aghalabu miswada ya namna hii imekwisha kusafiri hadi Nairobi na kurudi na barua fupi ya shukrani. Wachapishaji wakubwa wa jijini hutazama silabasi kwanza, kwa kuwa soko lao kuu ni shule, na kisichohitajika darasani hukiona kuwa mzigo. Hapo ndipo mwandishi anapowageukia watu wa nyumbani. Binti hupiga mswada kwenye kompyuta, kaka hutoa fedha, mke husoma na kusahihisha, na mpwa huvibeba vitabu hadi Rongo, Awendo na Mbita. Kampuni ndogo ya uchapishaji imezaliwa, hata kama haijapewa jina.

Je, njia hii inafaa? Wapo wanaoicheka na kuiita kazi ya wale waliokataliwa. Mimi naamini kwamba inafaa sana, na kwamba kuna vitabu ambavyo haviwezi kupatikana kwa njia nyingine yoyote. Hata hivyo, udugu peke yake haujapata kukihifadhi kitabu. Kinachokihifadhi ni udugu uliofungwa kwa maandishi, hesabu na wosia.

Kwanza tukumbuke kwamba chapa si jambo geni katika eneo hili. Mmisionari Mkanada Arthur Carscallen alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, akifuatana na Peter Nyambo kutoka nchi ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1913 alileta hapo mtambo mdogo wa kupigia chapa. Mtambo huo ulikusudiwa kazi za kanisa la Waadventista, lakini ulisaidia pia elimu na maandishi ya lugha ya Kijaluo. Kwa hiyo wanafunzi wa Homa Bay wasidhani kwamba vitabu ni vitu vilivyoteremka kutoka Nairobi. Vilitengenezwa kando ya ziwa lao zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kutoka Karachuonyo hiyo hiyo alitokea Paul Mboya, mchungaji na chifu, ambaye mwaka 1938 alitoa kitabu kiitwacho ‘Luo Kitgi gi Timbegi’, kinachoeleza mila na desturi za Wajaluo. Tangu hapo, mtu yeyote anayechunguza ndoa, matanga, urithi au ujenzi wa boma katika jamii hiyo hana budi kukirejea. Lakini kitabu, hata kiwe na thamani namna gani, hufa nakala zake zikiisha. Nani angekichapa tena kitabu cha Kijaluo kisichotahiniwa shuleni?

Jibu lilitoka ng’ambo ya Ghuba ya Winam, mjini Kisumu. Huko mwanahistoria Bethwell Ogot na mkewe, mwandishi Grace Ogot, walichapisha vitabu kwa jina la Anyange Press. Mwaka 1983 Anyange ilikitoa upya kitabu cha Paul Mboya. Mwaka 2001 tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Jane Achieng, ikatolewa Nairobi. Hivyo basi maarifa ya mzee wa Karachuonyo yaliyaepuka mauti kwa sababu familia ya watu wengine ilikuwa na kampuni ndogo na ari kubwa.

Inafaa walimu wayatazame kwa makini mambo ya Anyange. Grace Ogot hakuwa mwandishi aliyekosa mchapishaji. Riwaya yake ‘The Promised Land’ ilichapishwa na East African Publishing House mwaka 1966. Lakini alipotaka kuwaandikia watu wake kwa lugha yao, Anyange ndiyo iliyotoa ‘Ber Wat’ mwaka 1981, na baadaye ‘Simbi Nyaima’, kinachobeba jina la lile ziwa dogo la masimulizi lililo karibu na Kendu Bay. ‘Ber Wat’ maana yake ni uzuri wa udugu, jina linaloisadifu kazi yenyewe. Isitoshe, shirika kubwa la East African Publishing House lilianguka katika miaka ya 1980, ilhali Anyange ndogo iliendelea kutoa vitabu. Tawasifu ya Bethwell Ogot ilitoka mwaka 2003, na ile ya Grace Ogot mwaka 2012. Grace alifariki mwaka 2015, na Bethwell mwaka 2025. Ni dhahiri kwamba ukubwa si kinga, wala udogo si laana.

Nguvu ya kampuni ya kifamilia ni subira. Hailipi kodi ya ofisi, kwani meza ya kulia chakula hutosha. Haina mishahara ya kila mwezi. Inaweza kungoja miaka mitano ili nakala mia tano ziishe, jambo ambalo mchapishaji mwenye deni la benki hawezi kulivumilia. Lakini hayo hayo yanayoipa nguvu ndiyo yanayoiangamiza.

Tuanze na fedha. Tuchukue mfano wa kubuni, ambao mwanafunzi yeyote anaweza kuukokotoa. Familia inachapisha nakala 500 kwa gharama ya shilingi 150,000, yaani shilingi 300 kila nakala. Bei ni shilingi 500, na mwenye duka anabakiza shilingi 150. Zikiuzwa zote, familia itapata shilingi 175,000, na faida ni shilingi 25,000. Sasa wanakuja wajomba, mashemeji, waumini wenzao na majirani, kila mmoja akitaka nakala ya bure kwa kuwa “kitabu ni chetu”. Zikitolewa nakala 100 tu, zitabaki 400 za kuuza, zitakazoleta shilingi 140,000. Faida imegeuka kuwa hasara ya shilingi 10,000, na hakuna aliyeiba. Ndiyo maana wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nakala za zawadi zihesabiwe kabla ya kuchapa, na fedha za kitabu zisichanganywe na karo wala na michango ya matanga.

Jambo la pili ni uhariri. Ndugu husoma kwa upendo, na upendo hauoni makosa. Nani katika boma atamwambia babu kwamba sura yake ya nne inarudia ya pili, au kwamba nasaba aliyoiandika inamsahau mke mdogo na wanawe? Kosa la mwisho si la tahajia. Linaweza kuzusha kesi ya ardhi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mswada usomwe na mtu asiyekula katika nyumba hiyo, hasa mwalimu wa lugha au wa historia kutoka shule ya mbali, naye alipwe hata kidogo ili awe na uhuru wa kusema kweli.

La tatu, na zito kuliko yote, ni hakimiliki. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba kitabu cha mzee kitakuwa mali ya wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Familia nyingi hukumbuka kugawa ng’ombe na shamba, zikasahau mswada. Mzee akifa bila wosia, akiwa ameacha nyumba mbili au tatu, kila nyumba itadai kuwa kitabu ni chake, na hakuna mchapishaji mwenye busara atakayekichapa bila kujua nani anatia sahihi. Hivyo kitabu kilichoandikwa ili kiuunganishe ukoo hufungiwa na ukoo wenyewe. Dawa yake ni karatasi moja: nani ni mwandishi, nani ametoa fedha kiasi gani, mrabaha ni asilimia ngapi, na nani atakuwa na idhini ya kuchapa upya mwandishi asipokuwepo. Karatasi hiyo iandikwe wakati watu wanapendana.

Wako walioyafanya hayo wakafanikiwa. Mwaka 1917 Leonard Woolf na mkewe Virginia walianza Hogarth Press kwa mtambo wa mkono uliowekwa katika chumba chao cha kulia chakula, nje kidogo ya London. Walipanga herufi wenyewe na kushona vitabu wenyewe. Lakini Leonard aliandika hesabu za kila kitabu, na hawakujifungia katika kazi zao wenyewe, bali walichapisha pia za waandishi wengine. Virginia alifariki mwaka 1941, na mwaka 1946 kampuni ikaingia chini ya Chatto & Windus, nayo ikaendelea. Haikufa pamoja na mmoja wa wenyewe, kwa sababu ilikuwa na kitu cha kurithisha.

Sasa familia zetu zichapishe nini? Nashauri zisikimbilie vitabu vya kiada. Hivyo huhitaji idhini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, na tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikivinunua na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Wala mwalimu asiwalazimishe wanafunzi wake kukinunua kitabu cha nyumbani kwake. Huko ni kuwatoza ushuru watoto wa watu. Uwanja wa kampuni ndogo ni ule ulioachwa wazi: historia za koo, ngano, majina ya samaki na mitumbwi, kumbukumbu za wachimbaji dhahabu wa Macalder, na hasa lugha zisizo na soko kubwa. Wakuria wa Migori wana hazina ya masimulizi. Kisuba cha Rusinga na Mfangano kimemezwa kwa kiasi kikubwa na Kijaluo. Wazee wanaokijua vyema hawatatungoja tupate mtaji.

Kazi ya mwanzo si ngumu. Huduma za Maktaba ya Kitaifa ndizo zinazotoa nambari ya ISBN, na Bodi ya Hakimiliki husajili kazi za waandishi. Siku hizi mitambo ya kidijitali huwezesha kuchapa nakala hamsini kwanza, nyingine zikafuata hizo zikiisha, badala ya kuyarundika maboksi chini ya kitanda yaliwe na mchwa.

Walimu wa Migori na Homa Bay, fungueni masanduku. Wanafunzi, mkienda likizo waulizeni babu na bibi zenu iwapo wameandika chochote, na mkikipata mkipige chapa. Kisha familia ikae chini ya mti, isome, ibishane, imtafute mhariri wa nje, na itie sahihi ile karatasi moja. Paul Mboya alibahatika kupata mchapishaji mwingine miaka 45 baada ya kitabu chake kutolewa mara ya kwanza. Wengi hawatapata bahati hiyo, isipokuwa watakaokuwa wameacha kitabu, daftari na jina la mrithi.