Kuambata na Kufyonza: Ioni kwenye Uso wa Elektrodi, kwa Mifano ya Madini ya Masisi na Walikale

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ioni zinazoshika kwenye uso wa elektrodi zinavyobadili kasi ya mmenyuko unaotokea hapo, na papo hapo kuchunguza neno linalofaa kulitaja jambo hilo kwa Kiswahili. Mifano mikuu ni metali mbili za Kivu Kaskazini: tantali, itokayo katika koltani ya Rubaya wilayani Masisi, na bati, litokalo katika kasiteriti ya Bisie wilayani Walikale. Vilima hivyo vimegombewa kwa silaha miaka mingi; Rubaya yenyewe ilitwaliwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Ni ajabu kwamba wanaoyachimba madini hayo husikia bei yake kila siku, bali ni nadra kuelezwa kwa lugha yao kazi yanayoifanya.

Tuanze na neno. Katika Kifaransa dhana mbili hutenganishwa kwa herufi moja tu, na ni rahisi mfasiri kuziita zote *kufyonza*. Hilo ni kosa la maana, si la mtindo. Unga wa muhogo hufyonza maji: maji huingia ndani na kuenea kote. Tope la machimboni halifyonzwi na koleo. Hushika juu ya bapa lake na kubaki hapo. Ioni tunazozijadili hufanana na tope hilo. Neno *mnato* lingefaa, lakini wanafizikia wamekwisha kulitwaa kwa sifa ya uzito wa vimiminika, kama vile asali. Lililo bora ni *kuambata*. Kitenzi hiki kimo katika jamii moja na *kamata* na *fumbata*, ambamo kiambishi cha kale -*at*- huonyesha mguso wa kushika. Tena sarufi yake yalingana na kemia: katika *kufyonza* mtenda ni kile kinachopokea, katika *kuambata* mtenda ni ioni, na metali ni mahali tu.

Mahali hapo ndipo kila kitu huamuliwa. Elektroni huvuka kati ya metali na mmumunyo katika tabaka lenye unene wa molekuli chache, kwa hiyo ioni kidogo zilizoambata hapo zaweza kutenda zaidi ya nyingi zilizotawanyika mbali. Njia ya kwanza ni nyepesi kueleweka: aliyekwisha kukaa humzuia ajaye, na mmenyuko hupungua kasi.

Njia ya pili yahusu chaji. Ioni hasi ikitaka kuikaribia elektrodi yenye chaji hasi, husukumwa nyuma. Zikiambata hapo ioni chanya, msukumo hupungua na mlango hufunguka. Mrusi Aleksandr Frumkin alilieleza jambo hili mwaka 1933. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, badiliko la milivolti 59 tu karibu na uso huzidisha au hupunguza mara 10 wingi wa ioni yenye chaji moja iliyopo hapo; kwa ioni yenye chaji mbili, mara 100. Ndiyo maana ioni za pasalfeti, zenye chaji hasi mbili, hupokea elektroni upesi zaidi juu ya zebaki yenye chaji hasi pakiwapo sesiamu kuliko pakiwapo lithiamu, ingawa sesiamu yenyewe hailiwi katika mmenyuko huo.

Njia ya tatu ni ya daraja: ioni iliyoambata hushika metali upande mmoja na mgeni upande wa pili, na elektroni hupita kwa wepesi.

Sasa tantali. Msweden Anders Ekeberg, aliyeigundua mwaka 1802, aliiita kwa jina la Tantalo, yule wa hadithi za Kigiriki aliyesimama majini asiweze kunywa. Kwani oksidi yake, ijapozamishwa katika asidi, haikupokea kitu. Kwa hakika jina hili lilikuwa fasili nzuri ya metali isiyofyonza! Kinga yake ni utando wa oksidi. Sufuria ya alumini nayo ina utando, lakini kloridi ya chumvi huambata penye udhaifu, huutoboa, na vishimo hutokea. Utando wa tantali hauishindwi na kloridi kwa namna hiyo. Floridi ndiyo huuyeyusha, na kwa sababu hiyo viwanda huyeyusha madini yake kwa asidi ya hidrofloriki.

Katika kutengeneza kapasita, unga wa tantali hushikamanishwa kwa joto, kisha hufanywa anodi, aghalabu katika asidi hafifu ya fosforiki. Oksidi hukua kwa takriban nanomita 2 kwa kila volti. Ioni za fosfeti huanza kwa kuambata, kisha nyingine humezwa na utando unaokua. Hapo neno *kuambata* halitoshi tena, na *kumezwa* hustahili.

Bati ni kinyume. Ioni zake hupokea elektroni kwa wepesi mno. Zikiachwa peke yake katika mmumunyo wa asidi, metali huota kama sindano badala ya kulifunika bamba la kopo sawasawa. Mafundi huongeza jelatini na mfano wake: si ioni ndogo, lakini huambata vilevile, na kwa kuuchelewesha mmenyuko huulainisha uso.

Shaba, ambayo pamoja na bati na tantali hukutana ndani ya simu moja, yatoa onyo kwa anayetafuta kanuni fupi. Kloridi pekee, ikiambata juu yake, huharakisha utuaji wa shaba. Ikiongezwa polietilini glikoli, kloridi ileile huisaidia molekuli hiyo kuambata, na utuaji hupungua kasi sana.