Uzi wa Juu na Uzi wa Chini

Mwaka jana, mwezi wa Juni, jirani yangu mmoja hapa Kibondo alikuja nyumbani na cherehani yake kichwani. "Karani," aliniambia, "kitu hiki kimenishinda. Baba watoto amesema kiuzwe."

Waliinunua kwa fedha za maharage. Naye alikuwa akimshonea mtoto wake mchanga blanketi la viraka: juu vipande vya vitenge, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Baridi ya milima yetu wakati huo si ya mchezo. Lakini kila aliposhona, upande wa chini ulijaa vitanzi vya uzi kama nywele zisizochanwa. Alikuwa amekwisha kukaza na kulegeza kila skrubu aliyoiona.

Kwa kuwa mimi hushona vitambaa vya altare, nimekwisha kuonja taabu hiyo. Basi nawaandikia akina mama, na akina baba pia, mambo tuliyoyatazama siku ile.

Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Wa juu hushuka na sindano, wa chini hutoka katika bobini, nazo hushikana. Mshono mzuri ni ule ambao nyuzi hushikana katikati ya nguo, pasipo kuonekana juu wala chini. Vitanzi vikitokea chini, mara nyingi kosa liko juu: uzi wa juu umelegea. Uzi wa chini ukivutwa ukaonekana juu, ule wa juu umekazwa mno, au wa chini umelegea.

Kabla ya kugusa skrubu, toa uzi wote, uanze upya. Inua mguu wa cherehani unapopitisha uzi, ili uzi uingie vema kati ya visahani viwili vinavyoubana. Mguu ukiwa chini, visahani hufumba, na uzi hubaki nje bila kubanwa. Kisha weka sindano mpya. Kwa nguo nene namba 16 hufaa. Fungua mahali pa bobini, safisha vumbi la pamba kwa brashi ndogo, tia tone la mafuta.

Sasa chukua kitambaa cha majaribio chenye tabaka zile zile tatu. Tia uzi mwekundu juu na mweupe chini, uone upi unakosa. Zungusha kifundo cha uzi wa juu kidogo kidogo: kulia hukaza, kushoto hulegeza. Jaribu tena kila mara. Skrubu ya kikasha cha bobini uiguse mwisho kabisa, tena uweke alama mahali ilipokuwa. Mimi niliwahi kuizungusha kwa hasira hata ikaruka, nikaitafuta sakafuni hadi jioni.

Kwa blanketi, piga bandi kwanza kwa mkono ili tabaka zisihame. Ongeza urefu wa mshono. Anzia katikati ukielekea pembeni. Tena blanketi lote lilale juu ya meza. Likining'inia, uzito wake huvuta nguo na kuipinda sindano, na mshono huharibika ingawa nyuzi ziko sawa.

Jirani yangu tuliona nini? Uzi haukuwa umeingia katika visahani, na chini ya meno mlikuwa na pamba tele. Cherehani haikuwa na ubovu wowote. Skrubu alizokuwa amezichezea ndizo zilizotuchukua saa nzima kuzirudisha.

Jumapili ya tatu nilimwona kanisani, mtoto amefunikwa blanketi lile. Baba watoto ndiye aliyelibeba wakati wa kutoka, akiwaonyesha watu mshono. Habari ya kuuza haikusikika tena.

Basi, kitu cha nyumbani kikikataa kazi, tusikimbilie kukaza wala kuuza. Tuanze mwanzo, taratibu, tutazame uzi umepita wapi.