Nyumba ya Tajiri wa Sukari na Mtu Aliyeitwa Pero

Anayezijua nyumba za mawe za Lamu anajua kuwa nyumba husema. Daka husema mgeni aishie wapi, zidaka husema utajiri wa mwenyewe, na vyumba vya chini, walikokaa watumwa, husema kazi ilifanywa na nani. Katika karne hiyo hiyo ya 18, zilipojengwa nyingi ya nyumba hizo zetu, mjini Bristol, magharibi mwa Uingereza, ilijengwa nyumba inayosomeka vivyo hivyo.

Iko nambari 7, Great George Street. Ilikamilika yapata mwaka 1790, mwenyewe akiwa John Pinney na msanifu wake William Paty. Waingereza huuita mtindo huu Georgian, kwa kuwa ulishamiri chini ya wafalme wanne waliofuatana, wote jina lao George, kuanzia 1714 hadi 1830. Kwa nje haina makuu: ukuta wa mawe yaliyochongwa laini, madirisha yaliyopangwa safu kwa safu, basi. Fahari yake iko katika vipimo, si katika nakshi.

Ingia ndani uone mpango wake. Chini kabisa, chini ya usawa wa barabara, ni jiko, mahali pa kufulia, na birika la maji baridi la kutosha mtu mzima kutumbukia, maana matajiri wa enzi hizo waliamini baridi ni dawa. (Kwa hali ya hewa ya Uingereza, hiyo ni imani kubwa!) Juu yake ni ofisi ya Pinney na chumba cha kulia, kisha sebule ya wageni, kisha vyumba vya kulala. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoiacha kazi na kuiingia starehe.

Starehe hiyo ililipiwa na miwa. Pinney alikuwa na mashamba katika kisiwa cha Nevis, Karibi, yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Mwaka 1765 alimnunua huko mvulana wa miaka 12, Pero, pamoja na dada zake wawili wadogo. Mwaka 1783 familia ya Pinney ilipohamia Uingereza, Pero alichukuliwa kama mtumishi wa bwana wake. Dada zake wakabaki Nevis. Alikwenda naye pia Fanny Coker, aliyezaliwa utumwani na kupewa uhuru mwaka 1778. Pero hakupewa. Alitumikia zaidi ya miaka 30, akafariki mwaka 1798.

Leo nyumba ni makumbusho ya jiji. Mgeni anaweza kulisifia birika, meza na vitabu, akatoka bila kujiuliza maji hayo yalibebwa na nani. Nisiwacheke, kwani hata sisi tukimtembeza mgeni Lamu tunamsimamisha kwenye zidaka, tukavipita vyumba vya chini kimya kimya.

Bristol, hata hivyo, walifanya jambo. Mwaka 1999 walifungua daraja la waendao kwa miguu bandarini, lenye vyuma viwili vikubwa mithili ya pembe, wakaliita Daraja la Pero. Kutoka pale hadi mlango wa nyumba ya Pinney ni mwendo mfupi tu wa miguu.