Mtihani Uleule, kwa Njia Nyingine

Mwanafunzi asiyeona akipewa saa 4 kwa mtihani ambao wenzake wanaufanya kwa saa 3, minong'ono haikosi: huyo anapendelewa. Hapana. Maswali ni yaleyale na alama za kufaulu ni zilezile. Saa ya ziada inaishia kwenye kusoma maswali kwa vidole au kumsikiliza msomaji, kazi ambayo macho huimaliza upesi. Ufaransa wamezoea kuongeza theluthi ya muda.

Kwetu Kongo hili si suala la huruma. Nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, kisha ikapata sheria yake ya Mei 3, 2022. Mkataba unasema wazi: kumnyima mtu marekebisho yanayomfaa ni kumbagua, isipokuwa pale yanapokuwa mzigo uliopita kiasi. Viongozi wa vyuo hupenda kujificha nyuma ya maneno hayo ya mwisho, wakitaja bei ya lifti. Lifti ni ghali kweli. Ila kuhamishia somo ukumbi wa chini, kwa sababu ya mwanafunzi mmoja wa kiti cha magurudumu, kunataka karatasi moja tu iliyobandikwa mlangoni.

Tazama silabusi, yaani kijitabu cha maelezo ya somo, uti wa mgongo wa masomo hapa Lubumbashi. NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, humsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, Kifaransa kikiwemo. Lakini inasoma herufi; picha haiisomi yenyewe. Kiongozi wa promosheni, yaani wa darasa la mwaka, akipiga picha kurasa za silabusi na kuzituma WhatsApp, mwanafunzi asiyeona anapokea kurasa themanini za kimya. Faili yenyewe iliyochapwa profesa anayo tayari. Aitume mapema, maana umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, nao una ratiba zake za kukatika.

Ubaoni vilevile. "Hii ukizidisha na hii, unapata ile": asiyeona ametoka mikono mitupu. Profesa ataje majina ya vitu anavyoviandika. Na asiongee huku ameupa ukumbi mgongo, kwa sababu kiziwi anayefuata midomo hapati kitu. Anayetumia lugha ya ishara anahitaji mkalimani, na hao wawili lazima wakutane kabla ya muhula ili wakubaliane ishara za istilahi za sheria au kemia. Hapo fedha inahitajika, tusidanganyane.

Kwa mwanafunzi: andika barua kwa mkuu wa fakulte mwaka unapoanza, uambatanishe cheti cha daktari. Usiishie kutaja ugonjwa. Taja unachohitaji, kwa mfano maswali yenye herufi kubwa au chumba tulivu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ombi linaloletwa asubuhi ya mtihani hukuta msomaji hajatafutwa na vyumba vyote vimeshagawiwa.