Raha za Kampala na mlango wa kutokea

IJUMAA jioni pale Wandegeya, chini ya kilima cha Chuo Kikuu cha Makerere, ni vigumu kumpata anayezungumzia mitihani. Kuna moshi wa nyama choma, chapati za mayai ziitwazo rolex, muziki, na bodaboda zinazogombea abiria.

Hatusemi vijana wajifungie bwenini. Lakini usiku wa Desemba 31, 2022, katika jengo la Freedom City, barabara ya Entebbe, umati uliokimbilia kutazama fataki za mwaka mpya ulibanana njiani. Watu wasiopungua 9 walikosa pumzi wakafa, wakiwamo watoto.

Kwa hiyo ukiingia ukumbini, kabla ya kutafuta kiti, tafuta mlango wa pili. Ukiona watu wanasukumana, subiri. Fataki huonekana hata kwa mbali. Kinywaji ulichokiacha mezani usikirudie. Nenda na wenzako wawili watatu na mrudi pamoja, nauli ya kurudi ikiwa imewekwa kando (wengi huimalizia kwenye bia). Na kwenye bodaboda dai kofia ngumu, hata kama nywele zimetoka saluni leo.