Mdudu Huizoea Sumu, Wewe Hapana
Tangu kantangaze, yule mdudu wa nyanya, aingie Tanzania mwaka 2014, wakulima wengi huchanganya dawa mbili au tatu katika bomba moja. Mdudu huizoea sumu. Mpigaji haizoei kamwe.

Ndugu wasomaji, mtu aliyetoka kupiga dawa akitokwa jasho na mate mengi, akitapika, mboni zikiwa ndogo kama tundu la sindano, msidhani ni malaria. Mvueni nguo mkijikinga mikono, mwosheni kwa sabuni na maji mengi. Msimtapishe wala kumnywesha maziwa (desturi hiyo tuiache). Mleteni hospitali haraka pamoja na chupa: lebo yake hutusaidia kuchagua tiba.

Shambani, okoteni nyanya zilizotobolewa mzifukie chini sana. Msimu ujao pandeni mahindi. Maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa pigeni jioni, maana jua huyapunguza nguvu.