Tairi la pikipiki Lamu: Mchanga, lami na chumvi vyadai uchaguzi wa makini

KWA karne nyingi punda na mashua ndivyo vilivyobeba watu na mizigo katika visiwa vya Lamu. Vichochoro vya Mji wa Kale, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, havikujengwa kwa ajili ya magurudumu. Lakini nje ya mji huo mambo yamebadilika. Kwenye njia za Matondoni na Kipungani, kati ya Faza na Kizingitini kisiwani Pate, na bara kuanzia Mokowe hadi Hindi na Mpeketoni, pikipiki ndiyo miguu ya mwalimu, muuguzi na mchuuzi wa samaki.

Taabu huanza tairi linapokwisha. Mtu wa Nairobi hununua tairi la lami na shughuli ikaisha. Mkazi wa Lamu huenda akapita katika mchanga asubuhi, juu ya mawe ya matumbawe adhuhuri, na jioni akawa kwenye lami ya barabara ya Garsen pamoja na malori yaendayo bandarini. Na akianguka Faza, safari ya kwenda hospitali kuu ya kaunti kisiwani Lamu ni ya baharini.

Ishara ya kwanza ya tairi lililochoka imo ndani ya mifereji yake. Humo mna vinundu vidogo vya mpira, na mahali vilipo huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI au kwa alama ya pembetatu. Uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, limekwisha, hata kama mwenyewe aliona bado lina sura nzuri. Nyufa za ubavuni na uvimbe ni sababu tosha za kulitupa bila kungoja liwe kipara.

Baada ya hapo zisomwe nambari. Pikipiki nyingi za kazi katika Afrika Mashariki, kama vile Bajaj Boxer na TVS HLX, hutumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Nambari ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Zipo pia pikipiki za rimu ya inchi 18, na tairi la 17 haliwezi kukaa humo hata fundi awe hodari vipi. Palipoandikwa 90/90-18, upana ni milimita 90, na kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo.

Wanunuzi wengi hupuuza nambari inayofuata, nayo ndiyo ya uzito. Nambari 41 humaanisha kilo 145, 47 ni kilo 175, na 50 ni kilo 190. Herufi iliyo kando yake ni ya mwendo: L ni kilomita 120 kwa saa, P ni 150. Kwa njia za Lamu herufi haina uzito mkubwa; nambari inao. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, lakini mwenye macho ameona watatu na gunia juu, na mzigo huo karibu wote huangukia tairi la nyuma.

Kuhusu umbo la mifereji, tairi lenye vipande vikubwa vilivyoachana hung'ata matope ya masika na mchanga mzito, ila kwenye lami hutetema, huisha upesi na hushika vibaya wakati wa mvua. Kwa anayepita kote kote, tairi la kati na kati, lenye vipande vilivyokaribiana katikati na vilivyoachana pembeni, ndilo lenye busara.

Baadhi ya waendeshaji hupunguza upepo ili wavuke mchanga. Hilo husaidia, kwa kuwa tairi hutanuka na halizami. Hatari ni kusahau kuurudisha wafikapo lamini: tairi lenye upepo mdogo hupata joto, na kwenye rimu za spoki laweza kuteleza na kuikata tyubu penye vavu. Kiasi sahihi cha upepo kimo katika kitabu cha pikipiki, na hupimwa tairi likiwa baridi.

Chumvi ya bahari haili mpira sana, huila rimu. Tairi linapovuliwa, fundi aisugue kutu, aangalie vichwa vya spoki, na abadilishe utepe unaoikinga tyubu. Kuweka tyubu kuukuu yenye viraka vinne ndani ya tairi jipya ni ubahili unaorudi kama pancha.

Dukani, tairi lililoning'inizwa juani mlangoni mwezi baada ya mwezi si jipya hata kama halijatumika. Tarehe yake imo katika tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Lililopita miaka mitano liachwe, ama lau bei iteremshwe sana. Alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) nayo itafutwe, na risiti iombwe, maana kurudisha bidhaa mbovu kwa mashua bila risiti ni hasara juu ya hasara.

Asiye na fedha za matairi mawili hununua lile lililokwisha zaidi, ambalo kwa kawaida ni la nyuma. Lakini la mbele ndilo linaloelekeza na kubeba sehemu kubwa ya breki, hivyo lisipewe mabaki ya la nyuma. Mshale ulio ubavuni uelekee upande gurudumu linakozungukia. Na kwa kilomita 150 za mwanzo mpira mpya huwa na utelezi wa kiwandani. Kona zichukuliwe pole pole, hasa lami ikiwa imelowa.